Mwongo wa Cafunfo: kitabu cha kucheka na kununa

Ndugu zetu wa mashimo, nanyi mama zetu mnaotwanga mawe, leo hatuongee bei ya gramu. Tuongee kitabu.

Kinaitwa La Danse du Vilain. Mwandishi wake ni Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa Lubumbashi aliyezaliwa 1981, na leo anaishi Graz, kule Austria. Kilitoka Ufaransa mwaka 2020. Mbele yake alikuwa ametoa Tram 83, mwaka 2014, mwaka ule ule ambao huku kwetu Beni mauaji ya raia yalianza.

Kisa kinatembea kati ya Lubumbashi na Lunda Norte, Angola, siku za mwisho za Mobutu. Wazee wanakumbuka: mshahara haukuwa tena kitu, na vijana wengi wa Zaïre walivuka mpaka kutafuta almasi katika nchi yenye vita. Waliitwa Bana Lunda. Wengine walirudi na dola, wengine hawakurudi.

Katikati ya wachimbaji wa kitabu hiki iko mwanamke mmoja, Tshiamuena. Wanamwita Madone wa migodi ya Cafunfo, sawa vile Bikira Maria. Anasema ameishi miaka mamia. Anajisifu bila aibu, na wanaume wenye nguvu wanamsikiliza.

Sisi hatukumpenda. Tulisoma kitabu kimoja watu wengi hapa Butembo: mmoja anasoma Kifaransa kwa sauti, mwingine anafasiria kwa Kiswahili. Siku ya pili mama mmoja akasema: « Huyu mwanamke ananichokesha, mufunge! » Hatukufunga. Kesho yake yeye mwenyewe ndiye aliuliza: « Yule mwongo amefika wapi? »

Tulicheka sana. Lakini ni kicheko kinachokwama kooni, maana kifo hakiko mbali na mashimo ya kitabu, wala na ya kwetu. Hapo ndipo tulianza kujiuliza: kwa nini watu wazima wanamwamini mwanamke wa namna hii?

Jibu mchimbaji analijua. Mtu anayeshuka chini bila karatasi, bila daktari, mbali na wale wangemzika, anahitaji kusikia sauti ya mtu anayesema kwamba yeye hafi. Akijua ni uongo, atausikiliza tu. Unamfikisha asubuhi.

Kisha tukajiona. Nani kati yetu hajapiga simu nyumbani kutoka carrière na kusema: « Juma yenye kukuya tutafika ku filon, uvumilie kidogo »? Nyumbani deni la duka linapanda, watoto wanafukuzwa masomo, na ile juma haifiki. Tshiamuena anadanganya kwa makelele. Sisi tunadanganya polepole, kwa simu.

Tulipofika hapo, yule mama alinyamaza. Bwana yake iko upande wa Manguredjipa. Mwishoni akasema: « Njo maana sikumupenda. Namujua sauti. »

Si kitabu cha watoto, na Kifaransa chake kinakimbia. Ukikipata, usikisome peke yako. Kisome kwa sauti, bwana na bibi pamoja. Mucheke kwanza. Kisha mwulizane ile juma yenye kukuya itafika lini.