Mninga

Msafiri apitaye katika pori la miombo, kama lile la Tabora na Katavi, huona miti iliyosimama mbali mbali, hata jua hufika chini na nyasi zikaota. Mmoja katika miti hiyo ni mninga. Nao hauoti Tanzania tu. Hupatikana pia Zambia, Malawi, Msumbiji na Angola, hata Afrika ya Kusini.

Yapata mwezi wa Septemba au Oktoba, nchi ingali kavu, mninga hutoa maua ya manjano yenye harufu nzuri, mara nyingi kabla ya majani yake kuchipuka. Nyuki huyajia kwa wingi. Baada ya maua huja tunda, nalo ni la ajabu: katikati lina nywele ngumu kama miiba ya nungu, na pande zote limezungukwa na ubawa mwembamba, mfano wa sahani. Upepo hulichukua tunda hilo na kulitupa mbali na mama yake.

Ukiukata mninga kwa shoka, hutoka utomvu mwekundu kama damu. Watu wa kale waliutumia kwa dawa na kwa kutia rangi.

Lakini sifa yake kubwa ni mbao. Kiini chake ni cha rangi ya kahawia, chenye kupendeza. Fundi seremala hukipenda kwa sababu hufuata randa vizuri, hakipindi upesi, na mchwa hawakili kwa urahisi. Ndiyo maana milango, vitanda na meza nyingi hufanywa kwa mninga.

Basi, mti huu hukuaje? Hapa pana jambo la kufikiri. Mbegu ikiota wakati wa mvua, hutoa chipukizi kidogo. Kiangazi kikija, chipukizi hukauka, au huunguzwa na moto wa pori. Mtu apitaye husema, “Mche huu umekufa.” Kumbe haukufa! Chini ya udongo mzizi u hai, nao unanenepa na kuweka akiba. Mvua zikirudi, huchipuka tena. Kiangazi hukauka tena. Huenda hivyo mwaka baada ya mwaka, pengine miaka kumi na zaidi. Hata siku mzizi ukiwa na nguvu za kutosha, chipukizi hupanda juu wala halikauki tena. Toka hapo hutaka miaka mingi sana, kupita umri wa mtu mzima, hata shina lifae kupasuliwa mbao.

Kwa hiyo mninga ulioangushwa asubuhi moja haulipwi kwa mche uliopandwa jioni. Watu wamekata mno, na katika mahali pengi miti minene imekuwa adimu. Mwaka 2022 mataifa yalikutana Panama, yakakubaliana kwamba biashara ya mininga ya Afrika kati ya nchi na nchi iangaliwe kwa vibali.

Nanyi wasomaji, mkikuta porini chipukizi dogo lililokauka, msiling’oe, wala msiwashe moto ovyo. Labda chini yake umo mzizi uliokwisha kufanya kazi miaka minane, nao wangoja mvua mbili au tatu tu ili uwe mti. Atakayelala kitanda cha mti huo hajazaliwa bado.