Je, Wajua? Injini ya Dizeli Nayo Huugua Baridi

Je, wajua kwamba lori la dizeli linaweza kuunguruma usiku kucha na injini yake ikazidi kupoa? Waulize madereva wa barabara ya Dalton, Alaska. Barabara hiyo ilijengwa mwaka 1974 kuhudumia bomba la mafuta, ina urefu wa kilomita 666, na huishia Deadhorse, karibu na Bahari ya Aktiki. Jirani yake ipo Prospect Creek, mahali palipopimwa baridi ya nyuzi 62 chini ya sifuri tarehe 23 Januari 1971, rekodi ya Marekani mpaka leo. Kutoka Coldfoot hadi Deadhorse, kilomita 386, hakuna pa kujazia mafuta wala gereji. Huko mshale wa temperecha ukishuka, dereva huutazama kwa hofu ile ile aliyonayo dereva wetu anayeupanda mlima wa Kitonga na mzigo huku mshale ukipanda.

Chanzo kimo katika namna dizeli inavyofanya kazi. Rudolf Diesel, aliyepewa hataza yake mwaka 1893, alitaka injini isiyopoteza joto ovyo, na alifaulu. Hakuna plagi ya kutoa cheche. Hewa inabanwa mpaka inakuwa ya moto kiasi cha kuwasha mafuta yenyewe. Lori likiwa limesimama, mafuta yanayopulizwa ndani ya silinda ni kidogo mno, ilhali hewa inayovutwa ni tele, na ya baridi kali. Moto huo mdogo hautoshi kupasha chuma chenye uzito wa zaidi ya tani moja. Kile kinachobaki kinachukuliwa na hita ya kabini, maana dereva naye anataka kuishi. Kwa hiyo mshale ukishuka lori likiwa limeegeshwa, usikimbilie kufungua injini. Dereva hupandisha mizunguko hadi kama 1,000 au 1,200 kwa dakika, joto likarudi kidogo. Ila lori likiwa na mzigo, linapanda mlima, na mshale bado uko chini, hapo pana ugonjwa.

Mshukiwa wa kwanza ni kidude kinachoenea kiganjani: thamostati. Je, wajua kwamba ndani yake mna nta? Hakuna waya wala umeme. Sergius Vernet, mvumbuzi wa Marekani, ndiye aliyeipa umbo hilo katika miaka ya 1930. Nta imefungiwa ndani ya kikombe cha shaba. Ikiyeyuka inavimba, inasukuma pini, mlango unafunguka na maji yanaelekea kwenye rejeta. Yakipoa, nta inaganda na springi inaurudisha mlango. Kwenye malori mengi mlango huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 90. Springi ikichoka, au uchafu ukinasa mlangoni, maji yanazunguka kwenye rejeta saa zote na injini haipati joto kamwe. Injini nyingine zina thamostati mbili, mfano Duramax ya pikapu za Marekani, na moja ikibaki wazi inatosha kuharibu kazi ya mwenzake.

Fundi mzuri hainunui mpya kabla ya kupima. Kwanza anaangalia kiwango cha maji injini ikiwa imepoa, kwa sababu maji yakipungua hewa hukaa pale kwenye sensa, na sensa iliyozungukwa na hewa husema uongo. Kisha anachukua kipimajoto cha kumulika na kukielekeza kwenye nyumba ya thamostati, halafu analinganisha na namba anayoiona kwenye kompyuta. Zikipishana sana, mgonjwa ni sensa au waya wake, na injini ni nzima. Zikikubaliana, anasubiri asubuhi.

Asubuhi ndipo injini iliyolala inapojieleza. Fundi anaiwasha, anaweka mkono kwenye mpira wa juu wa rejeta, mbali na feni, na kusubiri. Thamostati ikiwa nzima, mpira ule hukaa wa baridi kwa muda mrefu huku injini ikipata joto, halafu ghafla unakuwa wa moto. Mpira ukianza kupata uvuguvugu tangu dakika za mwanzo, taratibu, pamoja na injini, maji yanapita mahali yasipotakiwa. Hakuna mashine ya bei mbaya inayoshinda kipimo hicho.

Jaribio la mwisho ni la jikoni. Thamostati inafungwa uzi na kuning'inizwa ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse kitako cha sufuria, na maji yanapashwa. Namba ya joto mara nyingi imegongwa kwenye chuma chenyewe. Ikisema 82, mlango uanze kuachia karibu na hapo, si kwenye 60. Lakini wapo wanaopima thamostati sufuriani, wakaikuta salama, wakairudisha, na injini ikabaki ya baridi. Hao walisahau sili inayoizunguka ndani ya nyumba yake. Ikiliwa, maji yanapita pembeni, mlango ufungwe usifungwe.

Thamostati na sili zikiwa salama, tazama feni. Feni ya lori kubwa haitakiwi kuzunguka kwa nguvu muda wote. Ina klachi ya kuiachia. Klachi ikinasa, inavuta hewa ya barafu kupitia rejeta usiku na mchana.

Je, wajua kwamba maji ya kuzuia kuganda yakimiminwa matupu, bila kuchanganywa na maji ya kawaida, huganda mapema zaidi? Ethilini glikoli, kiini cha maji hayo, ikiwa tupu huganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri. Nusu kwa nusu na maji, huvumilia mpaka kama 37 chini ya sifuri.

Je, wajua kwamba magari mengi ya Fairbanks yana waya wa umeme unaoning'inia mbele, na maegesho yana soketi? Ni ya hita ya injini. Andrew Freeman wa North Dakota alipewa hataza ya hita ya namna hiyo mwaka 1949.

Je, wajua kwamba kijiti cha oili kikionyesha oili imeongezeka na hakuna aliyeiongeza, hiyo si baraka? Silinda ikiwa ya baridi, dizeli haiungui yote. Nyingine hutoka kama moshi mweupe unaochoma macho, nyingine huacha utando mweusi wa mafuta kwenye bomba la moshi, na nyingine huteleza kwenye kuta za silinda, ikiosha oili njiani, mpaka chini kwenye sampu, bakuli la oili. Oili inakuwa nyepesi, na bearing ndizo zinazolipa deni. Malori ya sasa yana taabu ya ziada: chujio la masizi husafishwa kwa kuyachoma kwenye joto la karibu nyuzi 600, na kompyuta nyingi hukataa kuanza kazi hiyo kama maji ya injini hayajapata moto. Chujio linaziba, lori linapunguziwa nguvu, dereva analaumu chujio. Kwenye pikapu na magari madogo ya Marekani kompyuta hutoa msimbo P0128, maana yake maji hayajafikia joto la thamostati.

Na sisi tusio na theluji? Gereji zetu zina mazoea ya kuing'oa thamostati na kuitupa pindi gari linapochemsha. Hapo fundi ameitengenezea injini majira ya baridi ya kudumu, na ukishuka Njombe alfajiri bila mzigo unaweza kuyaona kwenye mshale. Isitoshe, katika injini nyingi thamostati hiyo hiyo, ikifunguka, huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia hiyo inabaki wazi, sehemu ya maji haipozwi, na lori linaweza kuchemsha zaidi kuliko mwanzo, mlimani hasa.

Lori likichemsha, kagua rejeta iliyoziba, pampu ya maji, mkanda, klachi ya feni na kifuniko cha rejeta. Na ukinunua lori lililotumika, kabla hujatoa hela, shika mpira wa juu asubuhi injini iliyolala ikiwashwa, uone kama thamostati ingalimo.