Kunyoosha Meno: Tupime Haja Kabla ya Bei

Watu wa Geita, Nyarugusu na Kahama waijua kanuni moja ya biashara ya dhahabu: hakuna anunuaye kwa kutazama mng'aro tu. Kwanza huchunguzwa ubora wake, kisha huwekwa katika mizani, na hapo ndipo bei hutajwa. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo mwenye hadhari, akiisha kupata mali, huenda kununua tabasamu kwa kutazama picha. Kwa hiyo tumeona yafaa mwezi huu tuseme na wazazi na vijana wetu juu ya jambo linaloulizwa majumbani, nalo ni vifuniko angavu vya kunyooshea meno: ni vitu gani, vina ngazi gani, na gharama yake ihesabiwe vipi.

Vifuniko hivi ni vya plastiki nyembamba, vilivyofinyangwa kwa umbo la meno ya mwenye kuvivaa. Kampuni ya Align Technology ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1997, ndiyo iliyovieneza ulimwenguni kwa jina la Invisalign. Leo wako watengenezaji wengine pia. Daktari hupima kinywa, kisha hutengenezwa jozi nyingi, kila moja ikitofautiana kidogo na iliyotangulia. Kila jozi huyasogeza meno yapata robo ya milimita, na huvaliwa wiki moja au mbili. Yapasa vikae kinywani saa 20 hata 22 kila siku, na kuvuliwa wakati wa kula na wa kusafisha meno. Asiyeweza kudumu hivyo asitoe fedha yake.

Lakini swali la kwanza kwa Mwislamu si bei, bali ni haja. Katika Hadithi iliyopokewa na Abdullah bin Masud, nayo imo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amewalaani wanawake wanaotenganisha meno yao kwa kutafuta uzuri. Jambo hili si geni kwetu, kwani mwanya husifiwa katika nchi zetu, na wako waliouchonga ili wapate kusifiwa. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika sherehe yake ya Sahihi Muslim kwamba lililokatazwa ni lile lifanywalo kwa kutafuta uzuri. Ama mwenye kuhitaji kwa ajili ya matibabu au kwa kasoro iliyo katika jino, hapana ubaya juu yake. Kadhalika Arfaja bin Asaad alikatwa pua katika vita vya Kulab, akavaa pua ya fedha, nayo ikaleta harufu mbaya, Mtume (S.A.W.) akamwamuru avae ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Tazameni jinsi haja ilivyo na uzito katika Sharia.

Basi meno yaliyopandana hata chakula kikakwama na fizi zikavimba, meno ya juu yanayoichoma fizi ya chini, au yaliyotokeza hata midomo haifumbiki, hiyo ni haja. Na kijana anayechekwa hata akafunika kinywa kila asemapo, asidharauliwe na wazee wake. Udhia huo nao apelekewe daktari na mwanachuoni. Bali mwenye mwanya aliozaliwa nao, asiye na maumivu wala udhia, kisha tangazo likamwambia kuwa ana kasoro, huyo na aiulize nafsi yake vizuri.

Tena yako maradhi ambayo vifuniko haviyaponyi. Shinyanga ni katika mikoa ya Tanzania ambayo baadhi ya visima vyake vina floridi nyingi. Mtoto anywaye maji hayo wakati meno yake yanapoumbika huota meno yenye madoa ya kahawia. Kuyanyoosha hakuondoi madoa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja, na kumtafutia mtoto maji salama ni bora kuliko kutafuta dawa baadaye. Vivyo hivyo jino lililooza na fizi itokayo damu hutibiwa kwanza. Kusogeza meno juu ya fizi mbovu ni kujenga nyumba juu ya mchanga.

Ama ngazi za matibabu, hufuata ukubwa wa kazi. Katika mpango wa Invisalign, ngazi ndogo ina jozi 7 nayo ni ya kusogeza kidogo. Iko ya jozi 14. Na ngazi kamili haina hesabu ya jozi ndani ya muda wa mapatano, kwa ajili ya meno yaliyopandana sana au yasiyokutana sawasawa. Kwa hesabu hii jozi 14 ni wiki 14 hata 28. Tuseme kijana wa machimboni ana harusi baada ya miezi mitatu, akachagua ngazi ndogo kwa kuwa ni rahisi na ya haraka, hali kazi ya kinywa chake ni kubwa. Meno ya mbele yatatengenea kidogo, na kasoro yenyewe itabaki. Kisha atalipa mara ya pili. Ngazi huchaguliwa kwa kinywa, wala si kwa mfuko. Na pengine daktari atasema kuwa waya wa kawaida wafaa zaidi, asikilizwe.

Katika bei, muulizeni daktari kabla ya kutoa hata shilingi moja, naye aandike: Je, picha na vipimo vimo? Jozi za kusahihisha zikihitajiwa, nani atalipa? Jozi ikipotea je? Na kizuizi cha kuvaa baada ya matibabu, ambacho bila yake meno hurudi yalikotoka, kimo? Mwenye kwenda Mwanza au Dar es Salaam ahesabu na nauli za kila safari. Tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025, msafiri wa Geita hangoji tena kivuko; lakini nauli ni nauli.

Mwisho twawausia ndugu zetu wa machimbo. Shimo hutoa mwezi huu, likanyamaza miezi minne. Matibabu yaliyokatika nusu ya njia huyaacha meno yakiwa hayako kwa zamani wala kwa upya. Basi asianze mtu ila fedha yote iwe imewekwa kando, baada ya chakula cha watoto, deni la watu na Zaka. Na ikiwa akiba hiyo imetimiza nisabu na mwaka, hutolewa Zaka ingawa imekusudiwa meno. Wala asikope kwa riba. Meno yaliyopinda yaweza kungoja mwaka mmoja, lakini riba haingoji hata siku moja.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya ya viungo vyetu, na busara katika mali aliyotuamini nayo. Amin.