Kuzuia hipothemia wakati wa upasuaji

Kuzuia hipothemia wakati wa upasuaji ni jumla ya hatua zinazochukuliwa na wahudumu wa afya ili joto la ndani la mgonjwa anayefanyiwa upasuaji lisishuke chini ya nyuzi 36 za sentigredi. Joto la kawaida la binadamu ni karibu nyuzi 37. Upasuaji mkubwa, hasa wa tumbo, kifua au nyonga, huweza kulishusha kwa nyuzi mbili au zaidi mgonjwa asipokingwa.

Wengi hudhani mgonjwa hupoa kwa sababu ya kiyoyozi cha chumba cha upasuaji. Kiyoyozi huchangia kweli, lakini katika saa ya kwanza chanzo kikuu kimo ndani ya mwili wenyewe. Ndiyo maana mgonjwa wa Dar es Salaam au Mombasa huweza kupoa hata siku ya jua kali.

== Chanzo ==

Joto la mwili halikusambaa sawasawa. Kichwa, kifua na tumbo huwa na nyuzi 37, lakini mikono na miguu huwa na nyuzi chache pungufu. Tofauti hiyo hulindwa na ubongo, ambao huibana mishipa midogo ya damu karibu na ngozi ili damu yenye joto isiende kupoteza joto lake huko. Mtu aliye macho akipoa kidogo tu, chini ya nusu nyuzi, ubongo hubana mishipa. Akizidi kupoa, humfanya atetemeke.

Dawa za usingizi huvuruga ulinzi huo. Mishipa hulegea, na ubongo huvumilia joto lishuke kwa nyuzi mbili hadi nne kabla ya kuchukua hatua. Damu ya moto ya kiini hutiririka hadi mikononi na miguuni, na damu iliyopoa hurudi ndani. Ni kama chai iliyokuwa ndani ya chupa ikimiminwa katika vikombe vya baridi: chai ni ileile, lakini sasa sehemu ya joto lake imechukuliwa na vikombe. Hivyo joto la kiini hushuka kwa nyuzi 1 hadi 1.5 katika saa ya kwanza.

Baadaye joto huendelea kushuka polepole, kwa kuwa mwili hupoteza joto jingi kuliko unalozalisha. Ngozi iko wazi, imepakwa dawa ya majimaji ya kuua vijidudu, na unyevu wa tumbo lililofunguliwa hugeuka mvuke. Lita moja ya dripu yenye joto la chumba hushusha joto la mtu mzima kwa takriban robo ya nyuzi. Chupa moja ya damu iliyotoka kwenye jokofu hufanya vivyo hivyo.

Ganzi ya uti wa mgongo, ambayo hutumika sana kwa akina mama wanaojifungua kwa upasuaji, nayo hulegeza mishipa ya nusu ya chini ya mwili. Mgonjwa huyo yuko macho, lakini huweza kupoa bila kuhisi baridi. Kwa hiyo kumuuliza tu kama anasikia baridi hakutoshi, apimwe.

== Madhara ==

Baridi hudhoofisha ugandaji wa damu, hivyo mgonjwa huvuja damu zaidi. Dawa huchelewa kutoka mwilini na mgonjwa huchelewa kuzinduka. Kutetemeka baada ya upasuaji huongeza mahitaji ya oksijeni. Mishipa iliyobanwa hupeleka damu kidogo kwenye kidonda, na seli nyeupe hupigana na bakteria kwa udhaifu.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996 kuhusu wagonjwa 200 waliofanyiwa upasuaji wa utumbo mpana, vidonda vilipata maambukizi kwa asilimia 19 ya wale walioachwa wapoe hadi karibu nyuzi 34.7, na asilimia 6 tu ya wale waliopashwa joto. Utafiti mwingine wa mwaka 2022, uliohusu wagonjwa zaidi ya 5,000, wengi wao wa China, ulilinganisha nyuzi 35.5 na 37 na haukuona tofauti katika matatizo ya moyo wala maambukizi makubwa ya vidonda. Tafiti hizo hazipingani: katika ule wa pili hakuna kundi lililokusudiwa kufika nyuzi 34.7.

== Kinga ==

Hatua yenye faida kubwa huanza kabla ya dawa ya usingizi. Mgonjwa akipashwa joto kwa dakika 10 hadi 30, mikono na miguu yake hupata joto, na damu ya kiini haitapoa sana ikifika huko. Kumpasha baada ya kulala ni vizuri, lakini upungufu wa saa ya kwanza huwa vigumu kuufidia.

Wakati wa upasuaji hutumika blanketi maalumu linalopuliziwa hewa ya moto. Mahali lisipopatikana, kufunika kila sehemu isiyopasuliwa kwa blanketi na shuka kavu hupunguza upotevu wa joto. Dripu nyingi na damu hupashwa hadi nyuzi 37 kwa kifaa chake. Miongozo ya Uingereza hutaka chumba kisiwe chini ya nyuzi 21 mgonjwa akiwa wazi, na joto lake lipimwe kila baada ya dakika 30. Watoto wachanga huhitaji chumba chenye joto zaidi, kwani ngozi yao ni kubwa ikilinganishwa na uzito wao.

Chupa au glavu zilizojazwa maji ya moto hazifai. Mgonjwa aliyelala hawezi kusema kwamba anaungua, na wapo walioamka na majeraha ya moto yasiyohusiana na ugonjwa wao.

== Upoaji wa makusudi ==

Katika baadhi ya upasuaji wa moyo mgonjwa hupozwa kwa makusudi, kwa sababu ubongo uliopoa huvumilia zaidi upungufu wa oksijeni. Mwaka 1952 John Lewis na wenzake katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walitumia njia hiyo kuziba tundu ndani ya moyo wa mtoto wa miaka mitano. Hupozwa kwa kiwango kilichopangwa, kisha hupashwa joto tena.