Jinsi Hewa ya Mbalizi Inavyofika Kwenye Damu

Hewa inayotoka mapafuni huwa na joto linalokaribia nyuzi 37, na huwa imeshiba mvuke. Ndiyo maana alfajiri za Juni na Julai mjini Mbalizi, magharibi mwa jiji la Mbeya, kila anayezungumza barabarani huonekana kama anatoa moshi mdomoni. Ule si moshi. Ni mvuke wa mwili wake unaogeuka matone madogo mno pindi unapokutana na baridi. Hewa hiyohiyo iliingia ikiwa kavu, yenye joto chini ya nyuzi 10, na imebeba vumbi la barabara kuu iendayo Tunduma. Kabla haijafika ndani kabisa ya mapafu ilikuwa imeshapashwa moto, imetiwa unyevu na kuchujwa.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na pua. Ndani yake mna mikunjo iliyojaa mishipa midogo ya damu, na damu hiyo ndiyo inayoipasha hewa joto. Vinyweleo vya mlangoni huzuia takataka kubwa, kisha ute unaonata hunasa vumbi dogo zaidi. Mdomo hauna vifaa hivyo. Mtu aliyezibwa na mafua hulala mdomo wazi, akaamka koo limekauka na linawasha, kwa kuwa usiku kucha hewa ya baridi ilipita njia isiyo na mpokeaji.

Nyuma ya pua hewa huingia koromeoni, njia panda inayotumiwa pia na chakula. Mbele yake lipo zoloto, lenye nyuzi za sauti, na nyuma upo umio unaoelekea tumboni. Kila tonge linapomezwa, kipande cha gegedu kiitwacho kidakatonge hufunika mlango wa zoloto. Anayecheka huku anakula huweza kupaliwa, kwa kuwa mlango umefunguka wakati tonge linapita. Kikohozi kikali kinachofuata ni hewa inayosukumwa nje kwa nguvu ili kuondoa kilichoingia pasipo pake.

Chini ya zoloto huanza bomba la hewa, lenye urefu wa sentimita 10 hadi 12 kwa mtu mzima. Pete za gegedu hulizuia lisinywee, nazo ziko wazi upande wa nyuma ili umio upate nafasi ya kutanuka. Bomba hilo hugawanyika matawi mawili, moja kwa kila pafu. Tawi la kulia ni pana zaidi na limesimama wima kuliko la kushoto, kwa hiyo punje ya karanga inayompalia mtoto mara nyingi hukwama upande wa kulia. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili, maana upande huo moyo nao unahitaji mahali pa kukaa.

Matawi huendelea kugawanyika takriban mara 23, kila tawi likiwa jembamba kuliko lililolizaa. Kuta za njia hizi zimepakwa ute, na juu yake vipo vinyweleo visivyoonekana kwa macho, vinavyopiga kasia kuelekea juu bila kupumzika. Vumbi lililonaswa husukumwa hadi kooni, likamezwa au kutemwa kama makohozi. Moshi wa sigara hudhoofisha vinyweleo hivyo, na moshi wa kuni jikoni nao hudhuru njia hizohizo. Mvutaji wa miaka mingi hukohoa sana asubuhi kwa sababu kilichopaswa kupandishwa taratibu usiku kimebaki chini, na sasa hutolewa kwa nguvu.

Chujio hili lina mpaka wake. Chembe nene huishia puani na kwenye matawi makubwa, lakini zile nyembamba mno hupita zote na kufika mwisho wa njia. Katika machimbo ya dhahabu ya Chunya, kaskazini mwa Mbeya, dhahabu hukaa ndani ya mawe ya kwatzi, na mawe hayo yakisagwa kwenye karasha hutoa vumbi la silika la aina hiyo. Seli za ulinzi hulimeza lakini haziwezi kuliyeyusha. Hufa, na mahali pake panabaki kovu gumu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba ya kuliondoa kovu, na humfanya mchimbaji ashikwe na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kumwagia maji mawe yanapopasuliwa hupunguza vumbi, na ni jambo la kusikitisha kwamba kinga nyepesi namna hiyo huachwa.

Mwisho wa njia ni vifuko vya hewa, milioni 300 hadi 500 kwa mtu mzima. Vyote vikikunjuliwa na kutandazwa vingefunika eneo la mita za mraba 70 hivi, ukubwa wa nyumba ya vyumba vitatu. Kila kifuko kimezungukwa na mtandao wa mishipa midogo kabisa ya damu. Ukuta unaoitenga hewa na damu haufiki unene wa elfu moja ya milimita. Hakuna pampu inayoisukuma oksijeni kupenya ukuta huo. Oksijeni ni nyingi zaidi upande wa hewa, hivyo huhamia kwenye damu. Hewa ya ukaa ni nyingi zaidi upande wa damu, hivyo hutoka. Chembe nyekundu hupita hapo kwa muda usiotimia sekunde moja, na muda huo unatosha.

Mapafu yenyewe hayana msuli wa kuyatanua. Kazi hiyo ni ya kiwambo, msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, ukisaidiwa na misuli iliyo kati ya mbavu. Kiwambo kikishuka na mbavu zikiinuka, kifua hupanuka na hewa ya nje huingia yenyewe. Vikilegea, mapafu hunywea na hewa hutoka. Kwikwi ni kiwambo kinachoshtuka bila kuamriwa. Mtu aliyetulia huvuta karibu nusu lita kwa pumzi moja, mara 12 hadi 20 kwa dakika. Katika nusu lita hiyo, kiasi cha mililita 150 hubaki njiani bila kukutana na damu, na ndiyo sababu pumzi fupifupi za haraka humfaidi mtu kidogo kuliko pumzi chache za kina.

Ndani ya damu, oksijeni hubebwa na himoglobini iliyomo kwenye chembe nyekundu. Hapa mwinuko wa Nyanda za Juu Kusini huingia kwenye hesabu. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, pwani na milimani vilevile, ila kadiri mtu anavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Jijini Mbeya, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, pumzi moja huingiza karibu sehemu nne kwa tano za oksijeni ambayo ingeingizwa na pumzi kama hiyo Dar es Salaam. Mbalizi iko chini kidogo ya hapo, hivyo upungufu wake si mkubwa kiasi hicho. Mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege wa Songwe akitokea pwani anaweza kutweta kwenye kilima ambacho mwenyeji anakipanda huku anapiga soga. Akikaa wiki kadhaa, figo zake huagiza chembe nyekundu zaidi zitengenezwe. Shirika la Afya Duniani hutambua tofauti hiyo, na hurekebisha kiwango cha kupima upungufu wa damu kwa watu wanaoishi mahali pa juu.

Mwendo wa pumzi huongozwa na shina la ubongo, na kinachopimwa humo zaidi ni hewa ya ukaa. Ikirundikana kwenye damu, mtu huhisi kubanwa na hulazimika kuvuta pumzi. Anayejizuia kupumua hushindwa kwa sababu ya hewa ya ukaa, mara nyingi kabla oksijeni haijapungua kiasi cha kumdhuru.

Mpango huo una mwanya mmoja wa hatari, nao hujitokeza hasa msimu wa baridi. Jiko la mkaa likiingizwa chumbani na madirisha kufungwa, mkaa huungua nusunusu na kutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, na haiwashi macho. Hushikamana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ikakalia nafasi yake. Hewa ya ukaa huendelea kutolewa kama kawaida, kwa hiyo ubongo hauoni sababu ya kupiga kengele. Aliye macho huumwa kichwa, husikia kichefuchefu na kulegea viungo. Aliyelala huweza asiamke. Hata makaa yaliyofifia, yasiyotoa moshi wowote, bado hutoa gesi hiyo, na mahali pa jiko hilo ni nje.

Baridi huja pia na nimonia, ambayo wengi huiita kichomi. Vifuko vya hewa hujaa majimaji na usaha, ukuta mwembamba ukazamishwa, na mwili hujaribu kufidia kwa kupumua mbio. Kwa hiyo mhudumu wa zahanati humfunua mtoto kifua na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 12, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni pumzi za haraka kupita kiasi. Nyama ya chini ya mbavu ikibonyea ndani kila mtoto anapovuta hewa, kiwambo chake kinavuta pafu lisilotaka kutanuka, na mtoto huyo anahitaji matibabu siku hiyohiyo.