Nani Awajibike kwa Lipi? Hatua za Mwanzo katika Kuunda Programu za Kompyuta

Mwanafunzi anayeanza kujifunza kuandika programu za kompyuta kwa kawaida hufundishwa kutoa amri moja baada ya nyingine: soma namba, jumlisha, gawanya, andika jibu. Njia hiyo yatosha kwa kazi fupi, kama vile kutafuta wastani wa alama za darasa. Lakini kazi inapopanuka, tuseme kutunza kumbukumbu za maktaba ya shule, amri hufikia mamia, kisha maelfu. Mtunzi akirekebisha mstari mmoja, mingine huharibika mahali asipopatazamia. Programu ya namna hiyo huweza kufanya kazi vizuri siku ya kwanza, lakini kila badiliko baada ya hapo huwa la gharama na mashaka.

Tatizo hilo haliondoki kwa kujua amri nyingi zaidi. Swali linalomkabili mwanafunzi limekwisha kubadilika: si tena "amri gani ifuate?", bali "nani awajibike kwa jambo lipi?"

Foleni na daraja

Jibu moja la swali hilo lilizaliwa Norwei. Katika miaka ya 1960, Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl, wa Kituo cha Kompyuta cha Norwei mjini Oslo, walikuwa wakitafuta namna ya kuigiza ndani ya kompyuta mambo yenye foleni na huduma: wateja wakingoja, magari yakipita, kazi zikisubiri mashine. Katika majira ya baridi ya 1966 kuingia 1967 walitafakari mfano wa daraja lenye kituo cha kulipia ushuru, ambapo magari ya foleni yalikuwa ama malori ama mabasi. Lori na basi hutofautiana, lakini yote mawili ni magari, na yote hupanga foleni kwa namna moja. Je, kulikuwa na haja gani ya kuyaeleza mambo ya foleni mara mbili?

Kutokana na fikra hiyo lugha yao, Simula 67, ilipata misingi inayotumika hadi leo. "Kitu" ni fungu la programu lenye kumbukumbu zake lenyewe na kazi zake lenyewe. "Aina" ni maelezo ya vitu vinavyofanana. Aina mpya yaweza kurithi maelezo ya aina iliyotangulia, kisha ikaongeza yake, kama lori linavyorithi sifa za gari. Kwa kazi hiyo Dahl na Nygaard walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001. Wote wawili walifariki mwaka 2002.

Kadi mkononi

Kuzijua maana hizo ni rahisi. Kuzitumia ni kazi nyingine. Anayeanza huwa na mazoea ya kuiona programu kama ofisi yenye bwana mmoja anayejua yote na kuamuru yote. Mwaka 1989 Wamarekani wawili, Kent Beck na Ward Cunningham, walichapisha maelezo ya njia sahili ya kuyavunja mazoea hayo. Hawakutumia mashine, bali kadi za karatasi zenye ukubwa wa inchi 4 kwa 6, yaani takriban sentimeta 10 kwa 15.

Juu ya kadi huandikwa jina la aina ya kitu. Upande wa kushoto huandikwa majukumu yake: inachojua na inachofanya. Upande wa kulia huandikwa washirika wake, yaani aina nyingine inazozihitaji ili kutimiza majukumu hayo. Kisha wanafunzi huigiza tukio moja, na kila mmoja huinua kadi yake inapofika zamu yake kutenda. Udogo wa kadi una faida: kadi inapojaa, ni dalili kwamba aina hiyo imebebeshwa mzigo usio wake.

Mfano wa maktaba

Tuchukue maktaba ya shule. Kikundi cha wanaoanza huelekea kuandika kadi tatu: Maktaba, Kitabu na Mwanachama. Kadi ya Maktaba hujaa upesi: hutafuta kitabu, hukumbuka aliyekiazima, huhesabu siku, hutoza faini. Kadi ya Kitabu hubaki na jina na mwandishi tu. Bwana mmoja amerudi kwa mlango wa nyuma.

Sasa tukio liigizwe. Mwanafunzi wa kidato cha pili aja kuazima kitabu cha biolojia. Ni nani ajuaye kama kitabu kimo? Wengi hujibu kwamba ni Kitabu chenyewe, na jukumu hilo huhamishwa kutoka kadi ya Maktaba. Hapo mwalimu aulize swali la pili: shule ina vitabu 40 vya biolojia vilivyo sawa, kadi ya Kitabu ikisema "kimeazimwa", ni kipi kati ya hivyo 40?

Kwa swali hilo kikundi hugundua kadi ambayo hakuna aliyeifikiria: Nakala. Kitabu ni jina, mwandishi na somo. Nakala ni kile chenye muhuri na namba, kinachotoka mlangoni na kurudi kimechanika jalada. Nakala ndiyo ijuayo kama imeazimwa, na nani, na irudishwe lini. Mkutubi yeyote aijua tofauti hiyo, ila programu haiwezi kuijua asipoiweka mtu. Lau kosa hili lingegunduliwa baada ya miezi miwili ya kuandika amri, marekebisho yangegusa karibu kila sehemu ya programu. Mezani, gharama yake ni kadi moja.

Urithi nao huja kwa wakati wake. Iwapo mwanafunzi huruhusiwa nakala 2 kwa siku 14, na mwalimu nakala 5 kwa muhula mzima, basi Mwanafunzi na Mwalimu ni kama lori na basi la Oslo: wote ni Wanachama, na kinachotofautiana ni masharti tu. Yafaa kuonya, hata hivyo, kwamba urithi usitumiwe kwa kuwa unapendeza. Pasipo tofauti ya kweli, aina moja yatosha.

Kadi zikikubalika, zaweza kuchorwa kwa usafi. Tangu mwaka 1997 kuna lugha ya michoro inayokubaliwa na wengi, iitwayo UML, ambamo aina huonyeshwa kwa sanduku lenye sehemu tatu: jina, sifa na kazi. Mchoro humsaidia mtu mwingine aelewe kilichoamuliwa, lakini haumsaidii mchoraji ambaye bado hajaamua.

Hatua fupi fupi

Je, kikundi kimalize kwanza kadi zote za maktaba, ndipo kianze kuandika programu? Mwezi Februari 2001 watu 17, Beck na Cunningham wakiwamo, walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani, wakatoa tamko juu ya njia walizoziita nyepesi. Walithamini zaidi programu inayofanya kazi kuliko makabrasha mengi, na kuitikia mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Hawakusema kwamba maandishi na mipango havina thamani, na wanaolitumia tamko hilo kutetea uvivu hawajalisoma vema.

Kwa mwanafunzi, maana yake ni hii. Wiki ya kwanza iandikwe programu ya kuazima na kurudisha tu, pamoja na majaribio yanayothibitisha kwamba nakala iliyoazimwa haiwezi kuazimwa tena kabla ya kurudi. Kisha aonyeshwe mkutubi. Huenda akasema kwamba faini hazimsumbui. Kinachomsumbua ni vitabu vinavyopotea wanafunzi wanapomaliza shule. Hatua ya pili basi isiwe faini, bali orodha ya nakala zilizo mikononi mwa kidato cha nne. Kikundi kilichotumia mwezi mzima kupanga faini kingekuwa kimepoteza mwezi huo.

Hapo yaonekana kwa nini mambo haya mawili hufundishwa pamoja. Hatua fupi hudai programu inayobadilika kwa urahisi, na programu hubadilika kwa urahisi pale kila jukumu linapokuwa na mwenyewe mmoja anayejulikana.

Mwalimu asiye na kompyuta ya kutosha hana sababu ya kungoja. Kipindi kimoja, vikundi vya wanafunzi wanne au watano, na karatasi ngumu zilizokatwa vyatosha kwa somo la kwanza. Jambo la kuigiza liwe lile wanalolijua: maktaba, duka la shule, kituo cha mabasi. Na kila kikundi kinapodai kimemaliza, kiulizwe swali moja zaidi kuhusu jambo litakalobadilika muhula ujao, kisha kihesabu ni kadi ngapi zimelazimika kuandikwa upya. Zikiwa moja au mbili, kazi imegawanywa vema. Zikiwa zote, wanafunzi warudi mezani, nao watakuwa wamepoteza karatasi tu.