Dawa ya TXA: Mjapani Aliigundua 1962, Wamama Wakaingoja Zaidi ya Miaka 50

Ukijikata jikoni ukikatakata sukuma, damu inatoka, baada ya dakika chache inaganda na maisha yanaendelea. Hiyo kila msee anajua. Chenye wengi hatujui ni kuwa bonge la damu likishashika, mwili unaanza kazi ya pili: kulibomoa.

Iko hivi. Damu ikiganda, nyuzi ndogo za protini zinazoitwa fibrini hujifunga kama wavu na kuziba kidonda. Halafu kimeng'enya kinachoitwa plasmini kinakuja kukata huo wavu polepole, ndio mshipa ufunguke tena.

Plasmini ikizembea, ni noma. Bonge linaweza kuziba mshipa wa ubongo, na hapo unapata kiharusi. Madaktari wako na dawa ya kuamsha plasmini ilimalize, lakini inafaa uipate ndani ya masaa 4 na nusu tangu dalili zianze. So ukiona mdomo wa mzae umeenda upande ghafla, usimwambie alale kidogo. Mkimbize hosi.

Sasa, je, plasmini ikiwa na haraka sana? Wavu unakatwa kabla kidonda kifunge, na damu inakataa kukauka. Mama ambaye ametoka kujifungua anaweza kupoteza maisha hivyo.

Hapo ndipo anaingia Utako Okamoto, daktari wa Japani. Miaka ya 1950, yeye na mumewe Shosuke walitafuta dawa ya kutuliza plasmini. Doo ilikuwa kidogo, so walichagua kuchunguza damu kwa sababu ikiisha wangetumia yao wenyewe. Hakukuwa na mtu wa kumwachia mtoi, kwa hivyo alifanya kazi maabara akiwa amembeba mgongoni. Mwaka wa 1962 wakatangaza asidi ya traneksamiki, ile madaktari huita TXA.

Okamoto alitaka ijaribiwe kwa wamama wanaovuja damu baada ya kuzaa. Madaktari wa kwao hawakumskiza. Dawa ikaishia kutumika kwa mambo mengine, kama kung'oa meno na upasuaji.

Matokeo ya utafiti mkubwa, ulioitwa WOMAN, yalikuja kutoka 2017. Ulihusisha wamama 20,060 kutoka nchi 21, Kenya ikiwemo. Kwa wale waliopewa TXA ndani ya masaa 3 baada ya kujifungua, vifo vya kuvuja damu vilipungua kwa karibu thuluthi moja. Masaa 3 yakipita, haikusaidia. Mwaka huo huo WHO ikasema wamama wapewe mapema. Okamoto hakuiona hiyo siku. Aliaga 2016, akiwa na miaka 98.

Watafiti waligundua pia kuwa kila dakika 15 ukichelewa, faida ya dawa inashuka kwa karibu asilimia 10. Sasa hesabu dakika za jam, na zile za kutafuta gari saa nane usiku.

Kama dem wako, sistako ama mathe ana mimba, pangeni gari na hosi mapema. Akishajifungua, damu ikizidi kutoka, usingoje kupambazuke na usione aibu kusumbua nesi. Itisha msaada hapo hapo, juu saa inahesabu.